Nukta Fasi ya Kaduara

Ninyi vijana wa biro ya karte, wachora ramani, ile siku ya kuniaga mulinipatia saa ya ukutani. Aksanti. Mutu anaacha kazi, hana tena fasi ya kuwahi, njo munamupatia saa. Nilicheka, na hakuna hata mumoja wenu aliniuliza sababu, maana mulikuwa na haraka ya Fanta. Nilicheka ju ile saa iko na dakika makumi sita. Kuko watu walisoma mpaka miwani ikawa nzito, na ile hesabu iliwashinda. Nitawaambia. Kuko mumoja hakusoma, ikamushinda pia, na huyo naye nitamusema.

Shefu wenu aliomba niandike miaka yangu ya kazi. Sitaandika nani alipanda cheo. Wenye walipanda wanajijua, na walisahau wenye walikuwa wanawashikia ngazi. Mimi nilisoma mpaka mwaka ya ine ya primere, kisha baba akafa, masomo ikafa naye. Kwa hiyo mukikuta herufi imepotea njia, muirudishe kwao polepole, musiipigie kelele.

Siku ya kwanza ku kadastri, biro ya serikali ya kupima viwanja, hapa Bukavu, nilivaa viatu vya kaka yangu, vya kuazima, nikizani nitakaa ku meza. Wakanipatia sheni. Sheni ni munyororo ya chuma ya kupimia udongo: mumoja anashika mwanzo, mwingine anashika mwisho, na mwenye anashika mwisho njo anaingiaka mu matope. Mimi nilikuwa wa mwisho. Jioni viatu vya kaka vilikuwa havijulikani ni viatu ao ni mihogo. Nyuma ya wiki moja watu walisahau jina langu. Nikawa Papa Sheni, na nilikuwa bado sijaoa.

Mwenye alinifundisha kazi ni Papa Ntaboba, topografu muzee, mupimaji wa inchi, Mushi wa Walungu, mutu wa misa kila asubui, mwenye alikuwa anaweza sali na kutukana mu pumzi moja. Alikuwa na rula ya shaba yenye hakuna mutu alikuwa anagusa. Siku moja nilisikia anasema, "Kesho tuko na projeksio." Sasa mu ile Bukavu ya zamani, projeksio ilikuwa filme yenye Mapadri walionyeshaka ku ukuta ya parokia, juu ya shuka nyeupe. Kesho yake nikafika na kiti yangu ku bega na muchumba wangu ku mukono. Papa Ntaboba alimuangalia muchumba, akaangalia kiti.

"Sheni, hii ni nini?"

"Ni ya kukalia, papa. Ya projeksio."

Hakucheka. Alimukaribisha muchumba wangu vizuri, akatoka inje, akaokota ku barabara mupira moja ya majani ya ndizi, ya kamba, wenye ulikuwa umechoka.

"Sheni, dunia iko namna gani?"

"Muviringo, papa. Padri alisema."

"Na karte?"

"Bapa."

"Basi kati ya Padri na karte, mwongo ni nani?"

Akaniambia niukalie ule mupira mpaka ukuwe bapa. Nikakaa; ukapasuka mbavu, majani ikatoka inje. Kisha akatosha kisu, akakata ule mupira toka juu mpaka chini, vipande virefu vyembamba, na kila kipande kikalala ku meza karibu bapa kabisa.

"Njo projeksio," alisema. "Kila karte ni uongo, Sheni. Kazi yetu ni kujua ni uongo gani, na kuuandika kule chini ya karte kwa herufi ndogo. Mutu mwenye hasomi herufi ndogo, usimupatie hata mbuzi ya kuchunga."

Akaongeza neno moja, na ninyi muliandike fasi munaandikaka namba za simu za wapenzi wenu: "Digrii, ile ya kupimia dunia, ni kama saa. Iko na dakika makumi sita, basi. Uliisha kuona saa ine na dakika makumi saba? Hapana. Ukiona digrii yenye dakika makumi saba, kimbia."

Muchumba wangu alikubali kuolewa hata nyuma ya ile filme. Wanawake wa zamani walikuwa na roho ya kuvumilia.

Papa Ntaboba alikufa mbele ya vita. Mungu alimuhurumia, hakuona ile. Aliniachia rula ya shaba. Vita ya kwanza ilipopita mu muji, biro yetu ilipigwa pille, waliiba yote: meza, madirisha, hata misumari ya kutundikia makoti. Karte nazo zilienda. Nilijiuliza mutu anaenda nazo wapi, ju mwizi hana lazima ya karte, anajuaka njia. Jibu nilipata Nyawera, ku soko. Nilinunua karanga, maman akanifungia mu karatasi ya pembe, nikaona ku karatasi muto moja unapita chini ya kidole yangu. Ilikuwa karte ya zamani, ya wakati ya Wabelji, ya upande ya Shabunda.

"Maman, hii karatasi iko na ndugu zake?"

"Papa, unataka karanga ao unataka karatasi?"

"Nipatie vyote viwili."

Alikuwa na rundo mzima chini ya meza. Hakukubali kuuza karatasi peke yake, aliona hiyo ni kazi ya wazimu. Nikakula karanga miezi mitatu. Muke wangu aliniuliza kama niko na mimba. Lakini karte zilirudi kwangu, moja moja, na mafuta yake, nikazipanga chini ya kitanda.

Vita ya pili ikafika juu ya ya kwanza, hatukupata hata wakati ya kufagia. Wakati ile, biro moja ya misaada ilifungua hapa muji. Jina yake siandiki. Ilikuwa na jipu, bendera na antena, kama zote. Walitafuta karte, wakasikia kuko muzee iko na karte zenye kunuka karanga. Wakaniita. Kazi yangu ilikuwa kuchunga zile karte, na asubui kukaa ku foni, ile radio ya kusemea na watu wa mbali, ju barabara ya Shabunda ilikuwa imekufa. Ilikuwa imebaki paka avio tu, ndege kadogo ya kubeba dawa.

Njo akafika injenieri wa ordinateri, mutu wa kompyuta. Désiré. Mutoto wa hapa hapa, mama yake anauza vitenge Nyawera, lakini alifanya mafunzo ya miezi mitatu kule upande ya ziwa Victoria, akarudi na miwani, na sauti ya pole pole. Alikuwa na adabu. Hiyo njo ilikuwa mubaya: mutu mwenye adabu hakupatii fasi ya kumutukana, ni paka ujitafutie.

Nikajitafutia. Ile programu yake ya karte, ukiifungua, inauliza: projeksio gani? Inakupatia liste ndefu kupita litania ya watakatifu. Ninyi leo munabonyeza na kidole, hamusomi hata. Wenye akili walikata dunia yote vipande makumi sita, sawa na mupira ya Papa Ntaboba, kila kipande na namba yake. Bukavu iko mu kipande ya 35, chini ya ekwata. Désiré akachagua 36. Kule alisomea walikuwa mu 36, na yeye akarudi nayo nyumbani, kama mutu anarudi ku safari na kikohozi.

Akatuita wote, shefu mbele. Akabonyeza. Vioo vya ordinateri vikabaki vyeupe.

"Bukavu iko wapi?" shefu akauliza.

"Inakuja."

Haikuja. Désiré akaanza kurudisha karte nyuma, nyuma, mpaka Afrika nzima ikaonekana, na kule mbali, upande ya jua linatokea, kukawa kakitu kadogo kama mavi ya nzi. Shefu akaweka pua ku vioo.

"Hapa ni fasi gani?"

Désiré akasema kwa sauti ya kanisa: "Serengeti."

"Bukavu iko Serengeti?"

"Shefu," nikasema mimi, "unipatie ruhusa nirudi nyumbani mapema. Ku njia ya kwangu kuko simba."

Biro nzima ikaanguka na kicheko. Désiré akapanguza miwani. "Papa Sheni, ni paramètre tu, ni namba moja."

"Ndiyo, mwanangu. Hata Yuda alikosa paramètre tu."

Kisha nikakamata GPS yenyewe, kale kamashine ka kusoma fasi, yenye ilikuwa imelala ku meza mbele ya pua yake, nikamuonyesha ku vioo vyake: 35, imeandikwa waziwazi. Mashine ilimuambia, na hakusoma. Toka ile siku, kila asubui nilimuuliza habari ya twiga. Yeye alijibu, "Wako salama, papa." Na mimi sikupewa ruhusa ya kugusa ordinateri hata siku moja. "Usiguse, papa, kuko kurenti." Kama vile mimi ni ngombe.

Hiyo haikuwa yote. GPS inahesabu dunia kwa namna moja, na karte zangu za Wabelji zinahesabu kwa namna ingine, ya mutu moja anaitwa Clarke. Jina yake imeandikwa kule chini, kwa herufi ndogo. Ukichanganya bila kuambia mashine, kila kitu kinasogea karibu mita mia tatu. Désiré hakuambia mashine. Alichapa karte ya Kamanyola, nikatumwa kuipeleka, na ku bariere ya Kamanyola, kizuizi ya barabara, soldat moja akaifungua.

"Oyo nini?"

"Karte ya nyumba za dawa, shefu."

Aliiangalia, bunduki ku magoti. "Muzee, hii nyumba ya dawa, mimi nililalaka nyuma yake. Iko huku kwetu. Mbona ninyi munaiweka ku ngambo ya Ruzizi, mu inchi ya watu? Munafanya kazi ya nani?"

Nikamuambia kosa ni ya Clarke.

"Claki ni nani? Mumuite hapa."

"Alikufa zamani, shefu."

"Nani alimuua?"

Nilikaa kwa ule bariere mpaka jua likapita kichwa, nikimufundisha soldat umbo ya dunia. Mwisho akaniachilia, si ju alielewa, alichoka tu. Lakini mukumbuke: mutu wa bunduki alisoma karte kwa dakika moja na akaona kosa yenye injenieri hakuona kwa wiki nzima.

Sasa nafika ku jambo yenyewe. Nilizunguka sana ju sipendi kufika.

Kila posti ya afya kule Shabunda ilikuwa na pozisio yake. Timu moja ilipita na GPS, ikaandika pozisio ku ukuta kwa rangi nyekundu: digrii, na kaduara kadogo juu yake, kisha dakika. Asubui anfirmieri, muuguzi wa posti, anaisoma ku foni, mimi naandika mu kaye, daftari yangu, kisha Désiré anaingiza mu ordinateri, na avio inafuata karte ya Désiré. Foni ile ilikuwa inalia kama mafuta ya kukaangia samaki, na ku njia moja na wewe kuko mutu anatafuta shemeji yake. Ju ya kwenda mbio, mimi niliacha kale kaduara. Niliandika nukta, vile tunaandikaka saa. Mutu yote wa Bukavu akiona 8.30, anajua ile 30 ni dakika. Kwa hiyo digrii mbili na dakika makumi tano na mbili, niliandika 2.52. Mambo ikaenda hivyo miezi mingi, na hakuna mutu alilia.

Ile Jumatano, saa tatu ya asubui, mwanamuke moja akaingia mu biro. Ku mugongo alikuwa amebeba glasiere, ile sanduku ya kuchungia shanjo ikuwe baridi, na ilikuwa tupu, ju ilikuwa inalia ngo-ngo. Miguu yake ilikuwa imevimba. Alitembea siku kumi na mbili.

"Jambo yenu," alisema. "Mimi njo fiktifu."

Hapa kwetu kila mutu anajua lile neno. Fiktifu ni mwalimu mwenye yuko ku liste na hayuko ku darasa. Ni askari mwenye anakula posho na hana tumbo. Huyu mwanamuke, Maman Bora, alikuwa anfirmieri wa posti moja ya Shabunda. Watu wake walikimbia mapigano, wakaingia ndani ya pori, na yeye akawafuata, akajenga posti mupya ya mianzi. Walikata majani, wakatengeneza fasi ya avio. Timu ya GPS ilipita pale mara moja tu. Kisha surua ikafika ku watoto. Aliomba shanjo ku foni. Avio ilienda ku pozisio yake, ikakuta miti, ikarudi. Mu liste, pembeni ya jina ya posti yake, biro iliandika: fiktifu. Alisikia lile neno ku foni, kisha foni yake ikakufa baterie, hakuwa na namna ya kujitetea.

"Maman," Désiré alisema na adabu yake, "pilote alizunguka mara tatu. Ni miti tu."

"Tulingoja siku nzima na vitambaa vyeupe. Hata sauti hatukusikia."

"Mashine haidanganyake, maman."

"Ile mashine iliisha kulala kwetu?" Akamunyoshea mukono. "Nishike. Shika, mwanangu. Fiktifu iko na mifupa?"

Désiré hakushika.

Shefu akakuna kichwa. Avio ya Shabunda ilikuwa ya kesho, na liste ilikuwa inafungwa saa sita. Nyuma ya hiyo, wiki mbili bila avio. "Maman, siwezi tuma pilote mara mbili ku miti."

"Niliacha watoto saba chini, na macho mekundu," Maman Bora alisema. "Wiki mbili, utanitumia sanduku ingine. Si ya shanjo."

Nikamuletea kiti. Kiti, mukumbuke, njo kitu mimi niliisha leta ku projeksio toka zamani. Nikamuuliza: "Maman, toka Shabunda-sentre mpaka kwenu, ni mwendo gani?"

"Siku mbili. Na asubui zote mbili jua linakuchoma ku macho."

"Papa Sheni," Désiré akasema pole pole, "hii si kazi ya sheni."

Ku karte yake, posti ya Maman Bora ilikuwa mwendo ya siku moja tu. Nikafungua kaye yangu, 2.52 na 27.50, vilevile nilimupatia. Basi kosa iko wapi? Nikaanza kusoma liste yote toka juu, bila kujua natafuta nini, kama mutu anatafuta miwani. 3.07. 2.41. 28.16. 27.33. 2.58. Nikafika chini. Nikarudi juu. Hakukuwa na makumi sita na tano. Hakukuwa na makumi nane. Hakukuwa hata namba moja, nyuma ya nukta, yenye kupita makumi tano na kenda.

Nilisikia Papa Ntaboba anageuka mu kaburi yake. Digrii ni kama saa.

Ile mashine haijui dakika. Ikiona nukta, inahesabu mu mia. Dakika makumi tano na mbili, digrii iko karibu kuisha. Mashine inasoma 52 ya mia, inazani imepita nusu kidogo. Hapo unapoteza karibu kilometa makumi ine upande moja. Fanya vile tena na namba ya pili. Posti zote za liste zilikuwa zimekaa fasi ya uongo, zote! Lakini pilote alizijua zile za zamani kwa macho, kwa bati ya misioni. Hakuangaliaka karatasi yetu hata. Posti ya Maman Bora peke yake ilikuwa mupya, njo peke yake ilituamini.

"Désiré," nikasema, "nitafutie humu namba moja yenye kupita makumi tano na kenda."

Alisoma. Alipofika katikati, rangi ilimutoka. Lile ninamupatia: alielewa mbele nimalize kumeza mate. Alirukia ku ordinateri, akaanza kupiga. Njo kurenti ikakatika. Onduleri, betri ya ordinateri, ikalia pii, pii, pii, kama kifaranga, ikanyamaza. Groupe, ile mashine ya kutoa kurenti? Mutu wa groupe alikuwa ameenda tafuta mazuti. Saa ilikuwa tano na dakika makumi mbili.

Basi nikatandika karte ya karanga ku meza. Nikatosha rula ya shaba. Nikahesabu dakika kama vile muzee alinifundisha, kutoka mustari moja mpaka ingine, na kalamu ya risasi, na Désiré akishika kona ya karatasi isijikunje. Sheni ilikuwa na mwisho yake mupya. Nikaweka alama pembeni ya doa moja ya mafuta.

Maman Bora akainama. Hakuwa ameona karte maisha yake. Nikamuonyesha: huu ni muto, hii mistari ni kilima.

"Muto unakunja kama kiwiko?"

"Ndiyo. Hapa."

"Na kilima haina miti juu, iko na upara?"

"Hapa hawakuandika upara, maman. Lakini kilima iko."

Akaweka kidole, akasogea kidogo sana, akasimamisha. "Basi mayi tunachota hapa. Na watoto wamelala hapa."

"Una hakika?" shefu aliniuliza. Hakumuuliza yeye.

"Shefu, kosa ya hii karte ni mita mia tatu, ya marehemu Clarke. Pilote ataona vitambaa. Kosa ya mashine ni siku nzima ya kutembea, na zaidi. Chagua."

Akachukua kalamu, akafuta lile neno fiktifu. Saa sita kasoro kidogo. Kisha akauliza, vile mashefu wanaulizaka jambo ikiisha kutengenezwa: "Sasa hii kosa ni ya nani?"

Kaye yangu ilikuwa wazi ku meza. Désiré aliiangalia. Aliona zile nukta zangu, mustari kwa mustari, hakuna kaduara hata kamoja. Kisha akaniangalia mimi. Na mimi, Papa Sheni, mwanafunzi wa Papa Ntaboba, mwenye anasoma herufi ndogo, nikafunga kaye.

"Ni mashine," nikasema.

Mashine ilikuwa ya Désiré. Wote walimugeukia. Akatosha miwani, akapanguza, akarudisha.

"Ni mimi, shefu. Nilipaswa kuuliza."

Kesho yake Maman Bora akapanda avio pamoja na glasiere yake, ikiwa nzito sasa, na baterie ya foni. Mimi nilikaa ku foni. Mu saa tano ikakohoa, nikasikia sauti yake.

"Bukavu, Bukavu. Fiktifu imefika. Narudilia: fiktifu imefika."

Biro ikapiga makofi. Foni ikalia mafuta yake ya samaki, kisha sauti ikarudi, chini zaidi.

"Wawili hawakuningoja."

Niliandika mu kaye: wamefika. Ile ingine sikuandika.

Désiré alibaki na sisi miaka miwili tena. Hakunikumbusha hata siku moja. Na mimi niliendelea kumuuliza habari ya twiga, hata siku ya kumuaga, mbele ya watu, na watu walicheka, na yeye alinijibu, "Wako salama, papa." Mutu akiniuliza leo nani alikuwa na masomo mu ile biro, nitajibu. Lakini mwenyewe hayuko tena hapa ya kusikia.

Vita ikaisha, ao walisema imeisha. Barabara ikafunguka nusu. Siku moja Maman Bora akafika tena mu biro, safari hii na sandali. Alikuwa na karte yenye nilimuchorea zamani kwa mukono, mbele apande avio, yenye alitundika ku ukuta ya posti. Aliifungua ku meza yangu. Ilikuwa imechoka, na fasi ya posti yake ilikuwa imebaki nyeupe, karatasi imekwanguka karibu kutoboka.

"Nukta yako imeisha, Papa Sheni. Kila mutu akiingia anagusa kwao na kidole. Uturudishie."

Nikakamata kalamu. Nikaandika kaduara.

"Mbona kaduara? Ilikuwa nukta."

Ningeweza kusema ni mashine. Mudomo ilikuwa imeisha jua njia. Lakini nikaenda ku kabati, nikatosha ile kaye ya zamani, nikaifungua mbele yake, nikamuonyesha 2.52, na maandishi ya mukono wangu, na vile tunaandikaka saa. Nikamuambia nilifunga kaye. Nikamuambia injenieri alibeba kosa yangu.

Maman Bora alikunja karte nusu, akaikunjua.

"Wale wawili," alisema, "mukubwa aliitwa Mapenzi. Muandike hapo."

"Kule chini?" nikauliza. "Kwa herufi ndogo?"

"Hapana. Pale pale. Kubwa."

Nikaandika MAPENZI, kubwa, juu ya pori.

"Na wa pili?"

"Wa pili alikuwa na siku tano. Alikuwa hajapata jina." Akaangalia kalamu yangu. "Yeye umuwekee kaduara."

Nikaweka.